Risasi ya betri, kinga ya ng'ombe na hawa wauza "dawa ya kusafisha damu"

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Bahi, jirani yangu anapasua betri za gari na za sola, mabaki anamwaga nyuma ya zizi langu. Ng'ombe nimechanja wote lakini vikohozi haviishi, na ndama mmoja alipofuka akafa. Kuna mtu mnadani ana dawa ya kusafisha damu na kupandisha kinga, nichukue?

JIBU: Marahaba. Usichukue, hiyo hela kanunulie mashudu.

Kinga kushuka ni kweli kabisa, risasi, yaani yale madini mazito (lead) yaliyomo kwenye betri, inavuruga seli za kinga, unachanja vizuri tu ila mwili unaitikia kwa uvivu. Ila huyo ndama aliyepofuka hiyo sio kinga tena ndugu yangu, nadhani risasi ilishafika kwenye ubongo, jiulize kama alikuwa anasaga meno na kusukumiza kichwa ukutani.

Sasa hawa wa mnadani ndo wananichosha. Risasi sio mdudu kwamba utaichoma sindano ife! Haiozi, mwili unaiona kama kalsiamu unaenda kuihifadhi kwenye mifupa, halafu inarudi kwenye damu kidogo kidogo miezi na miezi. Shubiri haiikamati, OTC (ile antibayotiki ya oksitetrasaiklini) haiikamati, multivitamini ndo kabisa, na mkaa uliosagwa ambao watu wanauamini sana unasaidia sumu nyingine, kwa risasi unaambulia kinyesi cheusi tu. Dawa ya kweli ipo, kalsiamu EDTA, anachoma daktari kwenye mshipa maana ikizidi inaharibu figo, na hata hiyo kama ng'ombe bado analamba betri unajaza maji kwenye kibuyu kilichotoboka.

Kwa hiyo hamisha zizi leo, sio wiki ijayo. Mwite daktari wa wilaya achukue damu nzima, asipeleke seramu (yale maji ya damu yaliyotengwa na chembe), risasi inakaa kwenye chembe nyekundu. Akifa mwingine ini na figo ziende maabara ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo. Maziwa watoto wasinywe mpaka majibu yatoke.

Na nyie wengine msikimbilie kusema kila ng'ombe anayekohoa ana madini mazito, wengi ninaowaona ni minyoo, kupe na njaa ya kiangazi. Ila walio na risasi kweli jamani msiwachinje harakaharaka mkauze buchani, kuchemsha hakutoi risasi, na hiyo supu ya figo na maini mnayoigombania asubuhi ndo inakokaa risasi nyingi.