Jibu: Tangu mafua yale sisikii harufu

Pole dadangu. Miezi miwili udi unafukizwa na wewe husikii kitu, nakuelewa. Mimi nilitia maziwa yaliyochacha kwenye chai, mume wangu ndiye aliyeshtuka.

Izoeze pua: karafuu, ndimu, marashi ya mawaridi, mafuta ya mkaratusi. Nusa kila kimoja kama sekunde 20, asubuhi na jioni, huku ukiikumbuka harufu yake. Usiache kabla ya miezi 3. Kwangu karafuu ilirudi kwanza, tena ikinuka mpira ulioungua! Hutokea neva (mishipa ya fahamu) za pua zikijijenga upya.

Gesi ifunge mtungini kila ukimaliza kupika, maana ikivuja hutasikia harufu yake. Muone daktari wa masikio, pua na koo, miezi miwili ya kungoja yatosha. Na usingoje kabisa ikiwa uligonga kichwa, au tundu moja limeziba na kutoa damu.