Usihesabu Visiwa, Hesabu Boti

Mara ya kwanza nilipopanga likizo ya visiwa vya Karibi, niliipanga kama mtu anayejipakulia pilau kwenye harusi ya watu. Kila nilichokiona nilikitaka. St Vincent, Bequia, Mayreau, Tobago Cays, Union, Carriacou, kisha Grenada: siku kumi, visiwa saba. Na mimi ni Mpemba, mzaliwa wa Wete, niliyeuvuka mkondo wa Nungwi tangu nimo mapajani mwa mama. Nikajiambia, visiwa gani hivyo vya kunishinda mimi?

Vilinishinda siku ya nane.

Tuanze na ramani. Grenadines ni msururu wa visiwa vidogo kati ya St Vincent, kaskazini, na Grenada, kusini. Vingi ni vya nchi ya St Vincent na Grenadines, yenye visiwa na vijisiwa 32. Carriacou na Petite Martinique ni vya Grenada. Kwenye simu vyote vinafunikwa na kidole gumba, na ukisimama Union unaviona vilima vya Carriacou waziwazi. Lakini hapo katikati pana mpaka wa nchi mbili. Lazima ugongewe muhuri wa kutoka upande huu na wa kuingia upande ule, na boti za kuvuka ni ndogo, haziendi kila siku.

Mimi nilikuwa nimesoma ratiba kwenye intaneti: boti ipo Ijumaa. Nikakata tiketi ya ndege ya kurudi Toronto, ninakoishi, kutokea Grenada Jumapili asubuhi. Ijumaa nikafika gatini Clifton, bandari ya Union, na begi langu, nikamkuta mzee mmoja anasuka nyavu. Nikamuuliza boti inaondoka saa ngapi. Akatazama bahari kwanza, kisha akanitazama mimi. Leo haendi mtu, akasema, na kesho tutaona.

Ilikuwa Februari. Kuanzia Desemba hadi Februari huko huvuma upepo mkali wa kaskazini-mashariki, na wenyewe wanauita upepo wa Krismasi. Sisi tungeuita kaskazi tukaelewana. Kinachoudhi ni kwamba nilijua. Kwetu hakuna anayepanga safari ya ngalawa bila kuuliza upepo, ila nilipokuwa na kompyuta mbele yangu nilisahau yote niliyofundishwa. Kesho yake nilikodi boti ya mvuvi kwa dola 200 za Marekani, nikavuka nimelowa mpaka kwenye soksi, nikafika Carriacou na feri ya Grenada imeshaondoka. Ndege ya Jumapili ikaenda bila mimi, nikakata tiketi nyingine.

Kwa hiyo sasa napanga kinyumenyume. Naanza na boti: ipi inakwenda wapi, siku gani, nani anathibitisha. Visiwa vinafuata boti, havitangulii. Kutoka Kingstown, mji mkuu wa St Vincent, kwenda Bequia hakuna tatizo. Feri ni kadhaa kwa siku, mwendo wa saa moja hivi, ila Jumapili hupungua. Kusini zaidi, yaani Canouan, Mayreau na Union, feri ni za siku maalumu za wiki tu. Ratiba ya mtandaoni ichukue kama uvumi. Piga simu siku moja kabla, au muulize mwenye nyumba uliyopanga. Yeye anajua kuliko tovuti yoyote. Na usiku wa mwisho kabla ya ndege, lala kisiwa kilekile chenye uwanja wa ndege. Hilo silijadili tena na mtu.

Kwa siku kumi, visiwa vitatu vinatosha. Bequia peke yake ilistahili siku nne, na nilikuwa nimeipa moja na nusu. Unashuka Port Elizabeth, bandari ya Bequia, na teksi zake ni pikapu zenye mabenchi nyuma na turubai juu, chai maharage kabisa, zile daladala za zamani za kwetu, nikacheka peke yangu. Unaweza kufika ufukwe wa Princess Margaret kwa miguu kwa njia iliyojengwa pembezoni mwa bahari, ukaendelea hadi Lower Bay. Watu wa Bequia ni mafundi wa kuchonga mashua za mfano, na wana jadi ya kuwinda nyangumi kwa mashua ndogo, kwa idadi ndogo inayoruhusiwa na tume ya kimataifa ya nyangumi. Usiende na hotuba. Sikiliza kwanza.

Tobago Cays ni vijisiwa vitano visivyo na watu, hifadhi ya bahari, vikingwavyo na mwamba wa matumbawe uliopinda kama kwato ya farasi. Kasa wanakula majani ya bahari karibu na Baradal, kimojawapo cha vijisiwa hivyo, na unaweza kuogelea pembeni yao bila kuwagusa. Wengi huenda kwa ziara ya siku moja kutokea Bequia, na sehemu kubwa ya siku inaishia njiani. Lala Mayreau badala yake. Ni kisiwa kidogo, watu wake ni mia chache, kijiji kiko juu ya kilima, na nyuma ya kanisa lao la mawe Cays zote zinaonekana chini yako. Ila chukua fedha taslimu kabla ya kwenda, maana benki haipo.

Fedha yenyewe ina mtego. Wanatumia dola ya Karibi Mashariki, wao wanaiita EC, na tangu 1976 dola moja ya Marekani ni EC 2.70. Dereva akikwambia dola hamsini, uliza za nani. Mimi sikuuliza. Nilitoa hamsini za Marekani mahali palipotakiwa kama kumi na nane na nusu, na yule bwana akanishukuru kwa heshima zote.

Kuhusu majira, msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na hatari zaidi ni Agosti hadi Oktoba. Usidhani Juni na Julai ni salama kwa kuwa ni mwanzoni. Kimbunga Beryl kilipita juu ya Carriacou tarehe 1 Julai 2024 kikiwa cha daraja la nne, na Union nayo ikavunjwavunjwa. Serikali ilisema karibu asilimia 90 ya nyumba za Union ziliharibiwa vibaya au kubomoka. Kwa hiyo kabla ya kupanga kulala Union au Carriacou, ongea na mwenye nyumba moja kwa moja, usiamini picha za zamani. Kwenda nenda, fedha yako inahitajika huko, lakini nenda ukijua. Desemba hadi katikati ya Aprili ni kiangazi, na bei ziko juu. Mimi sasa ni mtu wa mwisho wa Aprili na Mei: upepo umetulia, wageni wameondoka.

Kwa mnaotoka Dar au Nairobi: ndege ya moja kwa moja hakuna, na kikwazo mara nyingi si viza ya visiwani bali ya njiani. Ukipitia Marekani unahitaji viza hata kama hutoki nje ya uwanja. Kagua hilo kabla hujalipia chochote. Ukiingilia Argyle, uwanja mkubwa wa St Vincent uliofunguliwa 2017, na kutokea Grenada, shika tiketi ya kutokea mkononi, maana uhamiaji wataiuliza. Na acha nyumbani nguo za madoadoa ya kijeshi, hata kaptura ya mtoto. Ni marufuku kwa raia huko.

Begi liwe laini, la mgongoni. Sanduku la magurudumu utalionea haya unaporuka kutoka gatini kuingia botini. Ukiwa mtu wa kulewa bahari, meza dawa kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutema mate. Ufukweni, jihadhari na mti uitwao manchineel: tunda lake ni kama tofaa dogo la kijani, lina sumu, na utomvu unaunguza ngozi, kwa hiyo usijikinge mvua chini yake. Mingine hupigwa alama ya rangi nyekundu, mingine haipigwi. Maji ya bomba tumia kwa huruma, kwani Bequia na Mayreau hakuna mito, wanakinga mvua kwenye mapaa.

Na salamu! Ukiingia dukani au kwenye gari bila kuwaamkia watu, hupati jibu la maana. Hilo Mpemba halimsumbui.

Chakula ndicho kilichonifanya nipige simu nyumbani. Chakula cha taifa cha St Vincent ni shelisheli la kuchoma na samaki wa kukaanga. Shelisheli hili hili letu. Lililetwa huko mwaka 1793 na nahodha William Bligh kutoka Tahiti, liwe chakula rahisi cha watumwa wa mashamba ya miwa, na likapandwa katika bustani ya mimea ya Kingstown iliyoanzishwa 1765. Ukifika Grenada wanalipika kwa tui la nazi, nyama ya chumvi na majani ya majimbi, mpaka tui likauke lote. Kungumanga zimejaa sokoni, na hata kwenye bendera yao imo. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimetumia nauli yote hiyo kwenda kula shelisheli.

Mei narudi, na dada yangu anakuja kutoka Unguja. Bequia na Mayreau tu. Ameshaanza kuulizia kamba koche wa kuchoma ufukweni, nimemwambia msimu wao unafungwa 1 Mei hadi 31 Agosti. Amenuna mpaka leo.