Mafunzo ya Usalama kwa Simu, Bando la Nani?

SWALI: Ninachuna minofu ya sangara katika kiwanda kimoja hapa Mwanza. Mwajiri anatutaka tusome mafunzo ya usalama kazini kwa njia ya mtandao, usiku, tukiwa nyumbani, kwa bando letu wenyewe. Je, ni sawa? – Msomaji, Ilemela

JIBU: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, imemtwika mwajiri, wala si mfanyakazi, jukumu la mafunzo hayo, kwa hiyo, kwa maoni yangu, kuwabebesha gharama ya bando ni kuwaonea.

Mtandao unafaa kwa nadharia, na mameneja nao wangefaidika wakisoma. Hata hivyo, namna ya kuvaa glavu ya chuma kwenye mkono usioshika kisu, au mlango wa kutokea na mahali pa kukusanyikia, upande upepo unakotoka, pindi amonia inapovuja kwenye mitambo ya ubaridi, ni mambo ya kufanyiwa mazoezi kiwandani penyewe. Mwombeni mwakilishi wenu wa usalama awasilishe hoja hii kwa maandishi. Ikipuuzwa, ofisi ya OSHA Kanda ya Ziwa iko Mwanza.