Milimita 16.5 Hazitoshi: Kuhusu Kununua Modeli ya Schienenzeppelin

SWALI

Nina njia ya modeli za treni ya H0 (skeli ya 1:87), ya reli mbili, inayotumia mkondo mnyoofu (DC), na kona zake zina nusukipenyo cha milimita 360. Nimepata nafasi ya kununua modeli iliyotumika ya Schienenzeppelin iliyotengenezwa na Märklin, kampuni ya Kijerumani ya modeli; Schienenzeppelin ni ile treni ya Ujerumani yenye propela nyuma. Muuzaji anasema kwamba H0 ni H0, kwamba upana wa njia ni milimita 16.5 ule ule, na kwamba nikiona kasoro yoyote nipige msasa magurudumu na kupaka rangi ya kucha kwenye ekseli. Anauza pia modeli ya Garratt (injini ndefu ya mvuke yenye seti mbili za magurudumu ya kuendeshea) ya daraja la 59 ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, nayo inatembea kwenye njia hiyo hiyo. Je, nichukue zote mbili? Na transfoma yake ya zamani, anayonipa kama nyongeza, ina ubaya wowote?

JIBU

Schienenzeppelin unaweza kuichukua kwa masharti nitakayoyaeleza. Garratt usiilipie mpaka uhesabu magurudumu yake. Ushauri wa msasa na rangi ya kucha uuache hapo hapo ulipoupata, kwa sababu umeharibu modeli nyingi ambazo hazina mbadala, na wanaoutoa si wao wanaobaki na hasara.

Swali hili hunifikia mara kwa mara likiwa na sura tofauti, na chini yake kuna dhana ile ile: kwamba modeli ikikaa kwenye reli bila kuanguka, basi inafaa. Upana wa njia unakuambia jambo moja tu, yaani umbali kati ya reli moja na nyingine. Haukuambii skeli ya modeli, haukuambii umeme unaingia kwa njia gani, wala haukuambii gurudumu lina ukingo wa kina gani. Chukua mfano wa modeli za Uingereza za skeli ya OO. Nazo hutembea kwenye njia ya milimita 16.5, lakini zimepunguzwa kwa 1:76 na si 1:87, kwa hiyo njia iliyo chini yake inawakilisha reli ya upana wa takriban milimita 1,257, ilhali reli halisi ya huko ina milimita 1,435. Ukiweka kichwa cha OO mbele ya mabehewa ya H0, kitavuta vizuri tu, lakini jicho lililozoea litaona mara moja kwamba vitu hivyo havikutoka katika dunia moja. Hilo ni suala la macho, na mtu ana haki ya kulivumilia. Suala la umeme halivumiliki.

Märklin, katika H0, hutumia mfumo wa mkondo geu (AC) wenye vidoti vya umeme katikati ya njia. Chini ya kichwa cha treni kuna kiatu kirefu cha chuma kinachoteleza juu ya vidoti hivyo na kuchukua umeme, kisha umeme hurudi kupitia magurudumu ya pande zote mbili kwa pamoja. Kwa kuwa reli zote mbili ni upande mmoja wa saketi, hakuna sababu ya kuhami gurudumu la kushoto na la kulia, yaani kuzuia umeme usipite kati yao, na kwa kawaida hayahamiwi. Sasa iweke modeli hiyo kwenye njia yako, ambako reli moja ni chanya na nyingine ni hasi. Ekseli ya kwanza itakayogusa reli itaziunganisha na kupiga shoti papo hapo. Hiyo ndiyo “kasoro yoyote” ambayo muuzaji amekuambia utaimaliza kwa rangi ya kucha. Utando wa rangi juu ya chuma kinachozunguka chini ya uzito hukwanguka baada ya mizunguko michache, na shoti hurudi bila taarifa, pengine wakati hutazami, huku waya mwembamba ulio ndani ukipata moto.

Tuseme umefanya kazi ya kweli, ukaweka ekseli zilizohamiwa na vikusanya umeme vya pande mbili. Bado hujamaliza, na hapa ndipo wengi hushangaa. Modeli za zamani za Märklin za analogi zina mota ambayo sumaku yake si ya kudumu. Ni koili ya waya inayopata umeme pamoja na rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka. Mota ya aina hiyo inazunguka kwa mkondo geu na inazunguka pia kwa mkondo mnyoofu, lakini ukigeuza chanya na hasi, uga wa koili na uga wa rota hugeuka kwa pamoja, hivyo mwelekeo wa mzunguko unabaki ule ule. Treni yako itakwenda mbele, na ukigeuza swichi itakwenda mbele tena. Katika mfumo wake wa asili mwelekeo hubadilishwa kwa msukumo mfupi wa takriban volti 24 unaoamsha relei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyomo ndani ya modeli, ilhali umeme wa kutembelea hauzidi volti 16. Fundi anayejua kazi yake huondoa koili na kuweka sumaku ya kudumu, au huweka dekoda (kifaa cha elektroniki cha kuongozea mota) inayoimudu mota hiyo. Kazi hiyo inafanyika, ina vipuri vyake, na huacha modeli ikiwa na afya. Toleo jipya lenye dekoda ya kiwandani lina mota ya namna nyingine, kwa hiyo muulize muuzaji swali hilo kabla ya kuzungumza bei. Ujue pia kwamba Märklin inamiliki jina la Trix na hulitumia kwa modeli za reli mbili. Tafuta kwanza kama unachokitaka kiliwahi kutolewa kwa jina hilo, maana hapo hutahitaji kukata chochote.

Kuhusu msasa: gurudumu la Märklin la miaka mingi lina ukingo mrefu kuliko wa modeli za reli mbili za kisasa, na umbali kati ya migongo ya magurudumu ni karibu milimita 14, wakati modeli za reli mbili hukaa kati ya 14.3 na 14.5. Kwenye reli za siku hizi zenye kimo kifupi ukingo huo hugonga vishikizo vya reli, na kwenye makutano ya njia gurudumu hupanda au hukwama. Ni kweli, basi, kwamba magurudumu ni tatizo. Lakini anayeyapunguza kwa msasa huku mota ikizunguka hupata gurudumu lisilo duara kamili na vumbi la chuma, na vumbi hilo huvutwa na sumaku moja kwa moja hadi kwenye gia. Modeli za namna hiyo huletwa kwangu zikinguruma na kuyumba, na nikifungua kifuniko cha chini nakuta grisi imegeuka kuwa uji wa kijivu unaometameta, meno ya gia yamelika upande mmoja, na brashi za mota zimekwisha. Magurudumu hubadilishwa mazima au hupunguzwa kwenye mashine ya kukerezea.

Sasa kona zako. Schienenzeppelin ya mhandisi Franz Kruckenberg ilikuwa moja tu duniani. Ilikuwa na urefu wa mita 25.85, injini ya ndege ya BMW ya silinda 12, na ekseli mbili tu zilizoachana mita 19.6. Tarehe 21 Juni 1931 ilifika kilomita 230.2 kwa saa kati ya Hamburg na Berlin, na hakuna treni iliyoipita mpaka mwaka 1954. Katika 1:87 urefu huo ni karibu milimita 297, na umbali wa ekseli ni milimita 225. Kwenye kona yako ya milimita 360, katikati ya kiwiliwili kutaingia ndani ya kona kwa takriban milimita 18, zaidi ya upana mzima wa njia yako, na kila ekseli italazimika kugeuka nyuzi 18 ikilinganishwa na kiwiliwili. Kama ekseli za modeli unayouziwa hazizunguki kwa uhuru kiasi hicho, haitapita. Na hata ikipita, nguzo, majukwaa na treni ya njia ya pili vilivyo upande wa ndani vitagongwa. Kata kipande cha kadibodi cha urefu huo, kitoboe mashimo mawili penye ekseli, kisha ukipitishe kwenye kona zako kabla hujatoa fedha.

Angalia pia umbo lake. Kruckenberg aliibadilisha treni yake mwaka 1932 kwa kuiwekea mbele bogi (fremu ya magurudumu inayogeuka) ya ekseli mbili, na baadaye propela yenyewe ikaondolewa na nguvu zikapelekwa kwenye magurudumu. Deutsche Reichsbahn, shirika la reli la Ujerumani, iliinunua mwaka 1934 na kuivunja mwaka 1939. Modeli yenye propela na iliyoandikwa kuwa ni ya rekodi ya 1931 inapaswa kuwa na ekseli mbili peke yake. Propela ya modeli, kwa taarifa yako, ni ya kutazamwa; modeli husukumwa na magurudumu, na anayekushauri uweke propela yenye nguvu zaidi anakutafutia kidole cha kukatwa.

Garratt za daraja la 59 zilikuwa 34, zilijengwa na Beyer, Peacock ya Manchester na kuletwa mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, na hakukuwa na injini za mvuke za reli ya mita moja zenye nguvu kuzipita. Neno la kushika hapo ni reli ya mita moja. Mita moja katika 1:87 ni milimita 11.5, na ndiyo maana wapenzi wa reli hizo hutumia njia ya milimita 12. Modeli ya 1:87 inayotembea kwenye milimita 16.5 imetanuliwa miguu kupita kiasi. Na ili upana wa milimita 16.5 uwe sahihi kwake, skeli yake ingekuwa karibu 1:60 na urefu wake ungezidi nusu mita. Mpime muuzaji kwa rula: injini halisi ina urefu wa mita 31.7, kwa hiyo modeli ya H0 iwe karibu milimita 364.

Kisha hesabu magurudumu. Daraja la 59 ni 4-8-2+2-8-4, yaani magurudumu 28. Garratt za kampuni ya LMS ya Uingereza, ambazo kampuni ya modeli ya Heljan imetoa modeli yake katika OO, ni 2-6-0+0-6-2, yaani magurudumu 16. Ukihesabu 16 chini ya rangi ya damu ya mzee na namba inayoanza na 59, umeuziwa injini ya Uingereza iliyobadilishwa nguo, tena ya skeli ya 1:76. Injini mbili za daraja hilo, namba 5918 Mount Gelai na namba 5930 Mount Shengena, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, na picha zake ni nyingi. Hakuna udhuru wa mtu kuuza kitu kisichofanana nazo.

Treni za ajabu ndizo zinazowavuta matapeli kuliko zote, kwa sababu mnunuzi hajawahi kuona ya kulinganisha nayo. Reli ya Lartigue ya Ireland, kati ya Listowel na Ballybunion, ilifanya kazi kuanzia 1888 hadi 1924 ikiwa na reli moja ya kubebea mzigo, iliyoinuliwa juu ya fremu za pembetatu, na injini zake zilikuwa na matangi mawili ya mvuke yaliyoning’inia, moja kila upande. Anayekuuzia Lartigue inayotembea kwenye njia ya kawaida amekuuzia umbo lililobandikwa juu ya chasisi ya kitu kingine. Wakati huo huo wapo wanaokataa kitu halisi kwa sababu kinaonekana cha uongo. Mwaka 1943, makaa ya mawe yalipoadimika kwa sababu ya vita, reli za shirikisho za Uswisi ziliwekea injini ndogo za mvuke namba 8521 na 8522 pantografu (mkono wa kupokea umeme) juu ya paa, ili maji yachemshwe kwa umeme wa waya wa juu. Nimeshuhudia mtu akiidharau modeli ya injini hizo kuwa ni kituko cha kiwandani. Sura haikusaidii upande wowote. Omba picha ya upande wa chini, omba vipimo, na ukinyimwa, ondoka.

Picha hiyo ya chini ina faida nyingine. Modeli za zamani zilizomiminwa kwa aloi ya zinki iliyochafuliwa na madini ya risasi huoza kutoka ndani: chuma huvimba, hupata nyufa kama za tope lililokauka, na kiwiliwili hupinda. Hakuna mafuta, gundi wala rangi inayoponya ugonjwa huo. Anayekuuzia dawa yake anakudanganya, na rangi mpya juu ya kiwiliwili cha zamani mara nyingi imepakwa kuficha nyufa hizo.

Transfoma usiichukue. Inatoa mkondo geu, na mota zako zenye sumaku ya kudumu zitatetemeka tu na kuungua. Tena, kebo na vihami vya zamani hukauka na kupasuka pasipoonekana. Na kama siku moja utajenga njia ya mkondo geu, usiunganishe kamwe transfoma mbili za aina hiyo kwenye njia moja: ukichomoa plagi ya moja huku nyingine ikiwaka, volti 16 za njia hupita kinyume katika ile iliyochomolewa na kupandishwa hadi volti zaidi ya 200, na volti hizo ziko kwenye meno ya plagi uliyoishika mkononi.