Kwenye ile picha nilisogeza ndoo

Shija mdogo wangu, mwangaluka.

Ile sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara nne. Unasema hapo Mwanza, mtaani Mabatini, kuanzia kwa fundi baiskeli mpaka kwa mama wa dagaa, habari ni moja tu: Mabula yuko Doha, Qatar, anatengeneza sanamu. Unasema baba mdogo ameshapata mteja wa kiwanja cha Kisesa, na kuna wakala anataka milioni nne ili na wewe uje huku kwenye sanaa. Halafu unasema mama ameikuza ile picha yangu, ameitia fremu, ameitundika juu ya redio. Hilo la fremu ndilo limeninyima usingizi.

Sitengenezi sanamu, Shija. Ninaziosha.

Nimeamua kuandika badala ya kukujibu kwa sauti kwa sababu tumelala wanane chumba kimoja, na haya siwezi kuyasema watu wakisikia, hata kama Kiswahili hawakijui. Yasome mpaka mwisho, kisha wasomee na wale wa kijiweni. Baba mdogo umsomee mara mbili.

Tuanze na picha. Yale maduara ya vioo yaliyo juu ya kichwa changu yako jangwani, kaskazini, jirani na magofu ya mji wa kale wa Al Zubarah, kama kilomita mia moja kutoka Doha. Aliyeyabuni anaitwa Olafur Eliasson, msanii wa Denmark mwenye asili ya Iceland, na yalizinduliwa Oktoba 2022, Kombe la Dunia likiwa mlangoni. Vioo ni 20. Vimelala juu vikitazama chini, vimebebwa na vyuma vilivyopindwa nusu duara. Ukiingia chini yake ukainua macho unajiona mwenyewe, kichwa chini miguu juu, umening'inia kwenye mchanga kana kwamba mchanga ndio mbingu. Na ile nusu duara ya chuma, kioo kinaimalizia nusu iliyobaki, unaona pete nzima. Siku ya kwanza kuiona nilisahau kiu. Nakwambia kweli, na sitaki mtu aseme Mabula anaponda kazi za watu. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona vimetengenezwa na mkono wa binadamu.

Kisha nikapewa mpini.

Upepo wa huku unaotoka kaskazini-magharibi wanauita shamal. Ukivuma, vumbi linaganda kila mahali, na asubuhi unyevu ukishuka linakuwa tope jembamba juu ya kioo. Huwezi kulifuta kwa kitambaa kikavu. Wewe umenishikia msasa miaka mitatu tukichora mabango, unajua mchanga unafanya nini kwenye kitu laini. Unanyunyizia maji kwanza, unayaacha yashuke na mchanga, unanyunyizia tena, ndipo unapitisha sponji ya mpini mrefu, taratibu, kwa mstari mmoja, bila kurudi nyuma. Maji yote yale yanashukia usoni kwako. Shingo umeipinda kutazama juu kwa muda wa saa nne au tano. Usiku nikilala, shingo inakataa kurudi.

Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba sheria hairuhusu mtu kufanya kazi nje juani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, kwa sababu joto linapita nyuzi 45. Sheria nzuri. Kwetu sisi maana yake ni kwamba gari linatufuata saa nane na nusu usiku, tuwahi kumaliza jua halijakaa sawa. Joto lenyewe nimelizoea, na kuamka usiku nimezoea. Mvuvi wa Kirumba anaamka usiku maisha yake yote na hakuna anayemwonea huruma.

Lililonikaa rohoni ni jingine.

Siku hiyohiyo ya ile picha, asubuhi, walikuja wageni na gari lao. Mama mmoja alikuwa na kamera kubwa. Akatazama juu, akaniona kwenye kioo na ndoo yangu na reflekta yangu ya njano, akamwita msimamizi akamnong'oneza. Hakuwa mtu mbaya, alitabasamu, hata alinipungia mkono. Msimamizi akaniambia nitoke kwenye picha. Nikasogea. Akatazama juu, akasema bado unaonekana. Nikasogea tena, kioo cha pili kikanichukua. Nikatoka hapo, cha tatu kikanichukua. Vioo 20, Shija, na kazi yake ni moja tu, kumwonyesha kila aliye chini yake. Vimetengenezwa hivyo. Havibagui. Nikawa natembea na ndoo yangu nikitazama juu kila hatua chache, najitafuta, ili nihakikishe sipo. Nikaishia nyuma ya gari letu, nikachuchumaa upande wenye kivuli. Nilikaa hapo mpaka walipoondoka. Maji kwenye ndoo yalikuwa ya moto kama ya kuogea mzazi.

Jioni tulipomaliza, mwenzangu mmoja wa Nepal akaniambia lete simu nikupige moja, upeleke kwenu. Nikamwambia subiri. Nikavua reflekta. Nikaibeba ndoo na mpini nikavisogeza mbali, nikarudi, nikatazama juu, nikaona havimo. Nilijua pa kuviweka, kwa sababu asubuhi mahali hapo nilipatafuta kwa miguu yangu mwenyewe. Ndiyo hiyo picha iliyo ukutani kwa mama.

Kwa hiyo hao wanaosema natengeneza sanamu, sina haki ya kuwakasirikia sana. Niliwaonyesha nilichotaka wakione, kisha nikakaa kimya. Lakini hasira ninayo, kwa sababu ninyi nyumbani mkiona picha hamuulizi. Mnapenda kusikia mtu anakula bata. Kila anayenipigia anaanza na "kaka umeukata", swali la pili ni simu ya kioo kikubwa. Hakuna hata mmoja, tangu nimefika, aliyeniuliza ninaamka saa ngapi.

Sasa hilo la wakala. Mimi niliahidiwa upambaji wa maonyesho, mshahara riyali 1,800. Karatasi niliyosaini Dar es Salaam ilisema hivyo. Nilipofika nikapewa nyingine: usafi, riyali 1,000, ambacho ndicho kima cha chini cha hapa tangu Machi 2021, chumba na chakula juu ya kampuni. Riyali 1,000 ni kama dola 275. Nilikuwa nimeshakula milioni tatu na nusu za shangazi, ningerudi na sura gani? Nikasaini. Pasipoti yangu kampuni iliichukua "kwa usalama" na sikuiona miezi saba, na hilo sheria yao wenyewe inalikataza. Deni la shangazi lilichukua miezi kumi na moja. Na kitu nilichokuja kukijua nimeshachelewa: sheria ya kazi ya Qatar inakataza kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi. Anayelipa ni mwajiri. Yaani hizo milioni nne, Shija, huyo wakala hakudai kitu chochote ambacho huku kinatambulika. Anakula kiwanja cha baba yetu, basi.

Usije.

Nasema usije, halafu nakumbuka kwamba dawa za mama zinatoka kwenye ndoo hiyohiyo. Ada ya Kulwa inatoka humo. Mabati ya chumba cha nyuma yametoka humo. Natuma riyali 600 kila mwezi, na ukizigeuza kuwa pesa za madafu zinaonekana. Kwa kuchora mabango pale Mabatini tulikuwa tunazipata lini? Kuna mwezi tulichora mitumbwi miwili tu na mmoja tukalipwa kwa samaki. Sitakudanganya kwamba nyumbani kulikuwa na kazi.

Kwa hiyo kama lazima uje, njoo kwa njia iliyonyooka. Nenda kwanza TaESA, ile ofisi ya serikali ya huduma za ajira, uulize kama huyo wakala ana kibali. Mkataba uletwe ukiwa nyumbani, usome jina la kazi, si mshahara peke yake. Nitumie mimi picha ya kila ukurasa. Nakala ya pasipoti mwachie mama. Ubalozi wetu upo hapa Doha, namba yao uishike kichwani maana simu inaisha chaji. Na ujue kwamba tangu 2020 mtu anaweza kuhama mwajiri bila kuomba ruhusa ya yule wa kwanza, ilimradi atoe notisi. Wengi hawalijui hilo, wanakaa mahali wanapoumia miaka mpaka mkataba unaisha. Mimi ndilo ninalolifanyia kazi sasa hivi, na sitaki ulitangaze; ukiwasomea wengine, hapo uparuke.

Lakini kiwanja kisiuzwe. Ukija na kiwanja kikiwa kimeuzwa, huwezi kukataa karatasi ya pili. Utasaini kama mimi nilivyosaini.

Umeniuliza pia kama kweli mji mzima una sanamu. Ni kweli. Soko la Souq Waqif lina dole gumba kubwa kumzidi mtu, kazi ya César wa Ufaransa. Kwenye bustani ya Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, mwisho wa gati, kuna mnara wa mabamba saba ya chuma wa Richard Serra, urefu wake mita 24, umesimama tangu 2011. Ukiingia katikati ukatazama juu unaona kipande cha anga chenye pembe saba. Huyohuyo Serra, aliyefariki 2024, aliweka mabamba manne jangwani upande wa Zekreet mwaka 2014, yamepangwa kwenye mstari unaozidi kilomita moja. Ardhi pale inapanda na kushuka, lakini vichwa vya mabamba vimelingana sawasawa. Chuma chake kimeachwa kishike kutu makusudi, ile kutu ndiyo rangi yake. Nilikaa pale nikamkumbuka mzee aliyetufundisha kupiga mstari kwa uzi na chokaa, jinsi alivyokuwa akitufutisha bango zima kwa herufi moja iliyopinda. Angeelewa kazi ile bila kuelezwa na mtu.

Na kuziona ni bure. Ijumaa napanda metro kwa riyali 2, nakaa pale kwenye gati mpaka jua linazama. Hakuna anayeniambia nisogee. Ile saa moja ndiyo inanifanya niweze Jumamosi. Kwa hiyo ukija, njoo na brashi zako. Mimi zangu niliziacha, nikidhani nitapewa mpya, na najuta. Kuna Mkenya chumba cha pili anachora kwenye maboksi ya katoni usiku, na ana nafuu kuliko sisi wote.

Lakini jamani, Mwanza mnaiita kijiji. Baba mdogo anasema "huko kuna vitu, hapa kuna mawe". Nimeona taifa likisafirisha chuma kutoka Ulaya, likakisimamisha mahali patupu ili watu wapate kitu cha kwenda kukitazama. Sisi pale Kamanga, ukisubiri kivuko, Jiwe la Bismarck limejisimamisha lenyewe majini na mtu analipita akitafuta karanga. Yule samaki wa kwenye mzunguko katikati ya jiji, kila mgeni anapiga naye picha. Nani kati yetu anamjua aliyemfinyanga? Mimi nilikuwa mchora mabango, nilimpita miaka kumi, sikuwahi kuuliza. Huku kila kazi ina kibao cha jina la msanii, na mimi kibao hicho nakipangusa pia.

Una kumbukumbu ya yule sangara niliyemchora kwenye mwamba wa nyuma ya nyumba, mwaka ule wa mvua nyingi? Kwa rangi iliyobaki ya daladala, ile ya bluu. Uliniambia mapezi yamekuwa makubwa mno. Kama bado anaonekana, naomba unifanyie jambo. Mkwangue kuvu kwa brashi ya waya, umpitie na msasa, umrudishie rangi. Chini kushoto mwamba una ufa, usiuzibe, ndio mdomo wake. Fedha ya rangi na tina nitatuma mwisho wa mwezi, kando ya ile ya mama, usizichanganye. Ukimaliza simama naye, mtu akupige picha. Kopo na brashi vionekane.

Hiyo nitaitundika huku, juu ya kitanda changu.

Na ile ya ukutani iache kwanza. Usimwambie mama chochote, wala baba mdogo asimwambie. Ijumaa saa mbili usiku, saa za huko, nitampigia mwenyewe. Uwe karibu naye, umshikie simu vizuri, maana anapenda kuiweka mbali na sikio, na hili la ndoo nataka alisikie kwangu.

Kaka yako,
Mabula