Asilimia 96 ya skani, mbona makosa yako palepale?

SWALI: Ripoti yetu ya mwezi inasema asilimia 96 ya dozi ziliskaniwa barkodi kabla ya mgonjwa kupewa dawa. Makosa hayajapungua. Tatizo liko wapi? – Muuguzi msimamizi wa wodi

JIBU: Anzeni kwa kuuliza hiyo 96 imehesabiwaje. Dozi ihesabiwe imeskaniwa pale tu barkodi ya bangili ya mgonjwa (ile ya mkononi inayomtambulisha) na ya pakiti ya dawa zote zimesomwa kabla ya dawa kutolewa. Kuna ripoti zinazohesabu dawa peke yake. Tuseme kati ya dozi 1,000, dawa zilisomwa 960 na bangili 930: zilizokamilika haziwezi kuzidi 930, na huenda zikawa 890 tu.

Dozi zisizo na barkodi, kama kidonge kilichokatwa nusu au dawa iliyovutwa kwenye sirinji, msiziondoe kwenye jumla. Mkiziondoa asilimia itapendeza, lakini famasi haitajua ni lebo zipi za barkodi inapaswa kuzichapishia dozi hizo.

Namba nzuri kupita kiasi nayo ishukiwe. Nakala za bangili zikibandikwa kwenye toroli, kila kitu kitasomeka na hakuna mgonjwa atakayekuwa amehakikiwa. Ombeni ripoti ya muda wa kila skani: wagonjwa wa vyumba tofauti wakisomwa na muuguzi mmoja ndani ya sekunde chache, hapo hakuna aliyetembea kitanda hadi kitanda. Hesabuni pia bangili zilizochapishwa upya, maana nakala za ziada huweza kutoka hapo. Lakini kabla ya kumwita mtu ofisini, kagueni vifaa: betri ya skana inayokufa katikati ya zamu, waya usiofika kitandani, bangili iliyolowa. Mara nyingi njia ya mkato huzaliwa hapo.

Anayeruka skani achague sababu kwenye orodha fupi, tano au sita zinatosha. “Nyingine” ikianza kuongoza, orodha haifai, ibadilisheni.

Barkodi zilizokataa kusomeka zipelekwe famasi kila asubuhi, zikiwa na jina la dawa na wodi. Kusubiri mwisho wa mwezi ni kuchelewa. Kisa cha kawaida ni pakiti ya mtengenezaji mpya ambayo namba yake haimo kwenye mfumo. Mfamasia akiskani pakiti moja ya kila shehena kabla haijapangwa rafuni, ataligundua tatizo hilo kabla ya muuguzi.