Kiingereza cha SAT: anza na mkato, kamusi baadaye

Mdogo wangu, umesema zimebaki wiki sita ufanye SAT, mtihani wa kuombea vyuo vikuu vya Marekani, na kila usiku unakariri maneno ya kamusi. Hebu pumzisha kamusi kwanza. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, yamegawanywa 27 kwa 27, na ugumu wa nusu ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza. Nusu ya kwanza usiipapatikie.

Maksi za haraka ziko kwenye alama za uandishi, yaani mkato, nukta na wenzake. Hapo sisi tunaponzwa na Kiswahili chetu: "Mvua ilikatika, tukaondoka" iko sawa kabisa, lakini "The rain stopped, we left" ni kosa. Kwenye mtihani huo mkato peke yake hauungi sentensi mbili kamili; weka nukta, nukta mkato, au mkato pamoja na "and". Mimi nilikosa maswali ya aina hiyo mpaka nikaanza kuyasoma kwa sauti.

Pakua Bluebook, programu ya kufanyia SAT; ina majaribio kamili ya bure. Kila swali ulilokosa liandike daftarini na sababu yake. Na usiache swali wazi, jibu baya halikupunguzii maksi.